Kwa Nini Mtu Hutafuta Ushirika wa Kanisa

Somo la kusomwa nyumbani au katika jumuiya. Someni kwanza Waefeso 2:11–22, kisha 1 Wakorintho 11:17–34 na Warumi 16:1–16.

Mtu mzima ajapo kwa mchungaji ili aandikwe katika darasa la ubatizo, au mtu aliyehama ajapo na cheti chake kutoka usharika mwingine, huulizwa ataka nini. Majibu ni mengi. Mmoja husema ataka kuokoka. Mwingine husema mkewe ni Mkristo, naye hapendi nyumba moja iwe na njia mbili. Na mwingine, ambaye kwa ajili yake nimeandika somo hili, huinamisha macho na kusema, "Mimi hapa mjini sina watu."

Yuko mwalimu ambaye akilisikia neno hilo husikitika moyoni. Hudhani ya kuwa mtu huyu hakumtafuta Mungu, bali ametafuta jamaa wa kumwuguza akiugua na wa kumzika akifa. Basi imetupasa kulipima neno hili, maana wanaolisema ni wengi, na wengi zaidi wanalo moyoni wasiliseme. Je, kutafuta watu ni sababu mbaya ya kuingia kanisani? Nasema mapema, nisimfiche msomaji mawazo yangu: si sababu mbaya, ila si sababu yote. Na hatari iliyomo haimhusu sana yeye aingiaye. Yatuhusu sisi tuliomo.

Kwanza tulitazame jina letu. Ndugu zetu Wakatoliki husema parokia. Sisi Walutheri wa Tanzania twasema usharika, na mtu wake ni msharika. Neno hili na neno ushirika ni watoto wa mama mmoja, yote mawili yametoka katika kushiriki, yaani kuwa na fungu pamoja na mwenzako katika kitu kimoja. Martin Luther naye, alipofasiri Agano Jipya kwa Kidachi mwaka 1522, hakuliandika neno la kanisa lililozoewa na watu, kwa kuwa waliolisikia walifikiri nyumba ya mawe au mapadre wake. Aliandika neno la Kidachi lenye maana ya watu waliokusanyika na kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo mtu asemapo "sina watu" mbele ya mlango wa usharika, hajapotea njia. Amebisha hodi kwenye mlango ulioandikwa jina la kitu anachokitafuta.

Lakini ushirika ni wa namna nyingi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1933 katika KNCU, nasi chama cha namna hiyo twakiita chama cha ushirika. Ni kitu chema, na wengi walisomeshwa kwa fedha za kahawa hiyo. Walakini katika chama cha kahawa mtu huhesabiwa kwa kahawa aliyoileta. Asiye na mbuni hana la kufanya hapo. Swali la somo hili lote ni hilo: je, usharika nao ni chama ambacho mtu huhesabiwa kwa kile alicholeta?

Watu wa zamani walikuwa na haja hiyo hiyo tuliyo nayo sisi. Katika dola la Rumi maskini na watumwa waliogopa sana kufa na kutupwa pasipo heshima. Basi wakafanya vyama vya kuzikana, kama vile tuvijuavyo mitaani petu. Katika mji wa Lanuvium, upande wa kusini wa Rumi, limeonekana jiwe lililochorwa amri za chama kimoja cha namna hiyo, za mwaka 136 baada ya Kristo. Wanachama wake walikutana kwa jina la Diana, mungu wa kike, na la Antinous, kijana wa Kaisari Hadrian aliyefanywa mungu baada ya kufa kwake. Aliyetaka kuingia alitoa sesterti 100 na mtungi wa divai nzuri. Kisha kila mwezi alitoa sarafu ndogo za shaba, asi 5. Akifa, chama kilitoa sesterti 300 kwa mazishi yake. Mtumwa aliweza kuwa mwanachama pamoja na watu huru. Na kama bwana wake alikataa kwa ukatili kuitoa maiti, wenzake walimfanyia mazishi kwa sanamu tu, mwili haupo.

Jambo hilo lanigusa kila nilikumbukapo. Hao walikuwa wapagani, lakini walijua ya kuwa haifai mwanadamu aondoke duniani kana kwamba hakuwa na mwenzi hata mmoja. Hata hivyo jiwe lile lina amri nyingine pia. Mtu asiyelipa miezi mfululizo, akifa hana haki ya kuzikwa na chama, hata kama ameandika wasia. Upendo wao ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na daftari, na asiyemo daftarini hayumo moyoni.

Injili iliingia katika ulimwengu wa namna hiyo. Mnamo mwaka 197 Tertullian wa mji wa Karthago aliandika kuwatetea Wakristo mbele ya watawala, akaeleza desturi zao. Wao nao walikuwa na sanduku la shirika, nao walitoa mara moja kwa mwezi, hata mtu aliyewatazama kwa mbali angedhani kuwa ni chama kingine cha kuzikana. Lakini Tertullian aonyesha tofauti. Hakuna ada ya kuingia, kana kwamba mambo ya Mungu hununuliwa. Kila mtu hutoa akipenda, na akiwa nacho. Na fedha hiyo haiendi katika karamu na ulevi, bali yawalisha na kuwazika maskini, yawatunza watoto wasio na wazazi, na wazee wasioweza tena kutoka nyumbani, na waliovunjikiwa na jahazi, na waliofungwa au kupelekwa migodini kwa ajili ya imani yao. Tena mnamo mwaka 252, tauni ilipoingia Karthago na watu wakaanza kuwakimbia wagonjwa wao wenyewe, askofu Cyprian aliwahimiza Wakristo wawatunze wagonjwa, wala si wagonjwa wa kwao tu.

Angalieni basi jinsi ilivyokuwa. Mtu wa Karthago alikuwa na haja ya watu wa kumtunza na kumzika, naye aliona watu watunzao na kuzika pasipo kudai ada ya mlangoni. Akawakaribia. Na alipowakaribia akauliza sababu yao, ndipo akasikia habari za Yeye aliyewapenda kwanza. Ushirika ulimtangulia katekisimo. Sisi twapenda kuyapanga mambo kwa utaratibu wa darasa, kwanza amri kumi, kisha imani, kisha mtu apate kiti chake kanisani. Lakini mara nyingi Mungu amewaleta watu kwa mlango wa nyuma, penye jiko.

Wala tusidhani kwamba wale wa kwanza walikuwa malaika. Huko Korintho Wakristo walikula pamoja, lakini wenye mali walifika mapema wakala na kulewa, na maskini walipofika jioni baada ya kazi wakakuta vyombo vitupu. Mtume Paulo alikasirika sana. Hakusema kwamba wamekosa adabu ya mezani; alisema kwamba hicho wanachokula si Chakula cha Bwana tena. Ndugu, hilo ni neno zito. Ushirika ukivunjika kati ya mtu na mtu, hata madhabahu yaharibika.

Sasa tuje kwetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanza Machame, kisha Mamba mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896. Watu waliowakuta hawakuwa na upungufu wa ushirika. Mchagga alikuwa na ukoo wake, na katika kuchinja kila jamaa alijua fungu lake la nyama kwa cheo chake. Alikuwa na kihamba walichozikwa baba zake. Alikuwa na wenzake wa rika moja. Alikuwa na mfongo, yaani mfereji uletao maji toka korongoni juu, ambao watu huuchimba na kuuzibua pamoja. Asiyekuja kazini hutozwa faini, na maji ni ya wote. Na akimkosea jirani alijua kuchukua jani la sale na kwenda kuomba amani, wala haikuwa rahisi kulikataa jani hilo.

Kwa hiyo vijana wa kwanza waliobatizwa hawakwenda kanisani kwa kukosa watu. Kinyume chake, wengine walipoteza watu kwa kwenda kanisani. Aliyekataa kushiriki tambiko la ukoo alionekana kuwa amelikataa fungu lake, na asiye na fungu ni nani katika nyumba ya baba yake? Hao walihitaji kupewa ndugu wengine, la sivyo wangalikuwa kama mgomba uliong'olewa na kuachwa juani.

Mmoja aliyeliona jambo hili kwa macho makali alikuwa mchungaji Bruno Gutmann, aliyezaliwa mwaka 1876 na kuja Kilimanjaro mwaka 1902, akakaa miaka mingi Kidia, Moshi ya Kale, hata mwaka 1938. Yeye alifundisha ya kuwa Mungu hakumwumba mtu peke yake kama jiwe, bali amemfunga kwa vifungo vya ukoo, vya ujirani na vya rika. Na kwamba kazi ya Kanisa si kuvikata vifungo hivyo bali kuvitakasa. Aliandika vitabu vikubwa vya sheria na mafundisho ya Wachagga, kimoja mwaka 1926, na vingine vitatu tangu mwaka 1932 hata 1938. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha kwa desturi ya zamani ya wenye ngao, waliosimama vitani bega kwa bega. Kila mmoja akapewa mwenzake wa kumwangalia, kumsaidia na kumwonya. Tena kijana huyo hakufungwa kwa mwenzake hata Jumapili ijayo tu, bali maisha yake yote.

Wapo waliomlaumu Gutmann, wakasema alitaka kuwarudisha watu katika mambo ya kale wakati wao wenyewe walipotaka shule na biashara. Naona lawama hiyo ina haki yake. Tena naongeza nyingine. Ukoo ni nyumba nzuri kwa mtu aliyezaliwa ndani yake, lakini una mlango, na mlango huo wamwacha nje aliyetoka nchi nyingine, na mara nyingine humsukumia pembeni mjane, au mke asiye na mtoto. Usharika ukijengwa juu ya ukoo na kihamba peke yake, je, mgeni atasimama wapi? Hata hivyo neno lake moja silitupi. Alijua ya kuwa mtu hawezi kuwa ndugu wa watu elfu. Sharti awe na mmoja wa ngao yake kwanza.

Na nguvu ya vifungo hivyo ilionekana katika shida. Mwaka 1920 Waingereza waliwatoa wamisionari Wadachi katika nchi. Wamarekani wa sinodi ya Augustana walianza kuja kusaidia baadaye kidogo, na Wadachi wakaruhusiwa kurudi tangu mwaka 1925. Katika muda huo, hasa mwanzoni, walimu na wazee wa hapa hapa ndio waliobeba mzigo mzito wa kulilinda kundi, kusomesha watoto na kuwafariji waliofiwa. Wangaliweza kutawanyika. Kama mtu mmoja mmoja angalikuwa amefungwa kwa mmisionari tu, kamba ikikatwa wote wangalianguka. Walakini walikuwa wamefungwa wao kwa wao.

Turudi kwa Waefeso. Mtume awaandikia watu wa mataifa, waliokuwa mbali na maagano ya Israeli, naye asema habari za kiambaza cha katikati kilichobomolewa. Wasomaji wake wa Kiyahudi walikifahamu kiambaza kwa macho. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na ukuta mfupi, na juu yake mawe yenye maandiko ya Kiyunani ya kumwonya mgeni asipite, na kwamba akipita atakuwa amejiletea kifo mwenyewe. Jiwe moja la namna hiyo lilionekana mwaka 1871, maandiko yake yakisomeka vizuri. Basi Paulo hasemi kwamba mgeni ameruhusiwa kusimama karibu zaidi na ukuta. Asema ukuta haupo, na yule mgeni ni mtu wa nyumbani mwa Mungu. Tena aonyesha na gharama: haukubomolewa kwa ukarimu wa wenyeji, ulibomolewa kwa damu ya Kristo. Ndiyo sababu wenyeji hawana haki ya kuujenga tena, hata kwa matofali madogo madogo.

Hapa ndipo kanisa laachana na ukoo na chama pia. Ukoo humpokea mtu kwa damu yake mwenyewe, na chama humpokea kwa ada yake. Sisi tumepokewa kwa damu ya mwingine na kwa ada aliyolipa mwingine.

Luther aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1519 aliandika hotuba juu ya Chakula cha Bwana na juu ya vyama vya udugu vilivyokuwa vingi katika miji ya Wadachi siku zile. Vyama hivyo vilikuwa na mtakatifu wao, siku yao, misa zao na daftari lao. Luther asema wazi kwamba siku ya chama ilikuwa siku ya kula na kunywa bia, na kwamba watu walijifunza humo kujitafutia faida yao wenyewe na kujiona wema kuliko wengine. Kama wataka kuwa na udugu, asema, na wawalishe maskini kadha wa kadha kwa fedha ile ya bia, au waiweke katika sanduku, kila watu wa kazi moja na sanduku lao, ili fundi mwenzao akipatwa na shida wamkopeshe au wamsaidie. Naye aeleza Chakula cha Bwana kwa mfano wa raia wa mji: aliyeandikwa kuwa raia hupata heshima ya mji, na ulinzi wake, na soko lake, lakini pia moto na gharika ya mji huwa yake. Ajaye mezani pa Bwana huweka shida yake juu ya wote, naye huchukua shida za wote. Mtu atakaye faida asitake mzigo hajajua alichokula.

Basi, tuseme habari za siku hizi, maana zamani ni rahisi kuisifu.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba, na tangu hapo watu wengi wamehama vijijini kwenda mijini. Katika mji kama Dar es Salaam sharika nyingine ni kubwa, hata huwa na ibada ya kwanza, ya pili, na zaidi, na wanaotoka hupishana mlangoni na wanaoingia. Ni furaha kuona watu wengi. Lakini mtu aweza kuhudhuria hapo mwaka mzima, akaimba, akatoa sadaka, na kusalimiwa kila Jumapili na kipaza sauti tu. Kisha mwaka wa pili asikika ameingia kanisa jingine, chini ya turubai, kwa sababu huko siku ya kwanza mtu alimshika mkono akamwuliza jina lake na alipopanga. Nasi twalalamika kwamba ameibiwa. Naona afadhali tungejiuliza kama tuliwahi kuwa naye.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Huko Marekani Chaeyoon Lim na Robert Putnam walitangaza mwaka 2010 matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wa dini. Waliona ya kuwa waendao ibadani kila mara huridhika na maisha yao kuliko wasiokwenda. Lakini walipochimba zaidi waliona kwamba hasa ni wale walio na rafiki katika usharika wao. Aliyekwenda mara nyingi bila rafiki hapo hakupata tofauti hiyo. Sisemi kwamba neema hupimwa kwa vipimo vya wataalamu. Nasema tu kwamba wao nao wamefika kwa njia yao mahali alipofika mtu wetu aliyeinamisha macho na kusema hana watu.

Sasa nitasema neno lililo gumu zaidi, nalo ni la mazishi. Katika sharika fulani, msiba ukitokea, swali la kwanza la wafiwa si nani atatufariji, ni, "Bahasha yake iko sawa?" Maana kila msharika ana namba ya bahasha, na bahasha huonyesha ahadi aliyotimiza na asiyotimiza. Mzee wa kanisa huenda ofisini, daftari hufunguliwa, na familia hungoja. Pengine marehemu alikuwa mgonjwa miaka miwili. Pengine alikuwa kijana asiye na kazi. Pengine, nakubali, alikuwa mtu mwenye fedha ambaye hakutaka kuja wala kutoa, naye sasa jamaa zake wataka kengele, kwaya na mchungaji mwenye kanzu, kwa heshima ya watu.

Nafahamu sababu ya wazee. Kanisa hujengwa kwa sadaka, wala si vema mtu alidharau maisha yake yote kisha alitumie siku moja kama ukumbi wa kukodi. Marudi ya kanisa yana mahali pake, na Mtume mwenyewe aliyatumia. Lakini marudi ni ya mtu aliye hai, ili arudi, maiti harudi. Aliye mbele yetu siku ile si marehemu, ni mjane wake na watoto wake. Tena daftari la bahasha halikuandikwa ili litusaidie kujua nani azikwe. Kama lina kazi ya kichungaji, kazi yake ni hii: namba fulani ikikaa miezi mitatu kimya, mtu aende nyumbani kwake aulize kuna nini. Tukingoja mpaka afe ndipo tufungue daftari, tumerudi Lanuvium, nasi ni wabaya kuliko wao, maana wale angalau walimwambia mtu amri yao kabla hajaingia. Sisi tulimwambia ya kuwa ni mwana wa nyumbani.

Liko na kosa la upande wa pili, nalo humpata yeye aingiaye. Aja na picha ya ushirika mtamu kichwani mwake: watu wapole, wasiosengenya, wasiogombania uongozi wa kwaya. Baada ya miezi sita aona ya kwamba mzee fulani ana hasira, na wanawake wawili wa jumuiya yake hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Ndipo akata tamaa na kwenda kutafuta kanisa lililo safi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri aliyeuawa na serikali ya Hitler mwaka 1945, aliandika juu ya hili katika kitabu kidogo cha mwaka 1939, baada ya kukaa pamoja na wanafunzi wake katika nyumba moja ya kufundishia wachungaji mpaka polisi walipoifunga. Aonya kwamba mtu apendaye ndoto yake ya ushirika kuliko ushirika wenyewe atauharibu, hata kama nia yake ni njema. Ndugu hatukuwachagua, tumepewa. Na anayepewa hushukuru kwanza, hata kama mzigo ni mzito kichwani.

Kwa hiyo yule wa tatu, asemaye hana watu, tumwambie kweli. Tumwambie kwamba hapa atapata watu, nao watamchosha. Tumwambie kwamba atauguzwa, naye atauguza. Kwamba ataitwa usiku katika msiba wa mtu asiyemjua. Mtu atafutaye starehe ataondoka akisikia hivyo. Lakini atafutaye watu kweli hataondoka, kwa kuwa huko kijijini alikotoka ujamaa ulikuwa hivyo hivyo, na fungu la nyama halikuja pasipo jembe la mfongo.

Mwisho tusome Warumi 16. Wengi huuruka mlango huo kwa sababu ni majina tu. Paulo alikuwa hajafika Rumi bado, hata hivyo asalimu watu zaidi ya ishirini kwa majina. Kwanza amtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ili apokewe vema na kusaidiwa katika neno lo lote atakalohitaji. Hicho ndicho cheti cha kuhama, nacho ni cha zamani kuliko mihuri yetu yote. Tena katika majina yale yamo ya namna waliyopewa watumwa mara nyingi katika Rumi, kama Ampliato, nayo yameandikwa sawasawa na ya wengine. Na yuko mama yake Rufo, ambaye Mtume asema alikuwa mama kwake yeye pia. Paulo, mtu msomi, mwenye safari nyingi, alikuwa na mama asiyemzaa, mahali fulani ambapo hakututajia. Yamkini alimpikia tu na kumfulia. Jina lake mwenyewe hatulijui, lakini kazi yake imesomwa makanisani karibu miaka elfu mbili.

Desturi yetu ibadani ni kuwaambia wageni wasimame, kila mmoja ataje jina lake na usharika alikotoka, nasi twawapigia makofi. Ni desturi nzuri, ila huishia kwenye makofi. Mzee wa zamu angeandika jina la mgeni, mtaa anaokaa na namba ya simu, akampa mwenye jumuiya ya mtaa ule kabla watu hawajatawanyika. Na kabla ya Jumapili ya pili mtu mmoja, wala si kamati, angekwenda kubisha hodi kwake.

Katika jumuiya zenu, mkiisha kusoma, ulizaneni haya. Ni nani aliyekupokea wewe siku ulipokuwa mgeni, naye alifanya nini hasa? Ni nani katika mtaa huu ambaye hatujamwona tangu miezi mitatu, na sababu yake yajulikana? Ni nani aliyehamia hapa mwaka huu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyeingia nyumbani mwake? Mwenye kuongoza asikubali jibu la "wapo wengi". Atake majina, ayaandike, na kwa kila jina atajwe atakayekwenda wiki hii.